Amepatwa na haya tangu lini?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Ratiba inasema wiki hii tutafakari habari za mavuno, ila mtanisamehe, kuna jambo limenikaba kooni tangu Jumatatu na nikiandika ya mavuno nitakuwa nawajazia maneno tu. Mpendwa mmoja wa humu humu (sikutaji, unajijua) alinitumia meseji usiku: "Ma'mdogo, hebu muulize kijana wenu anipe mkeka wa wikiendi, si anaonaga?" Mkeka wa kubeti, yaani ile orodha ya mechi za kuwekea hela, na vikatuni vya kucheka juu.

Wengi mnamjua kijana mwenyewe, mtoto wa dada yangu, maana yake ni mwanangu. Dada ameniruhusu niyaseme haya, na kijana mwenyewe nilimuuliza akasema sema tu ma'mdogo ila jina langu liache. Basi naliacha.

Mwanzo alikuwa anabeti kama wanavyobeti wenzake pale kijiweni, mia tano, buku, mkeka ukichanika wanacheka wanaenda kula chipsi. Halafu usingizi ukakata. Akawa anakesha na kile kindege cha kubetia kwenye simu, mnakijua, namba inapanda, moja na nusu, mbili, tatu, unatakiwa utoe hela kabla hakijatokomea, raundi moja mara nyingi haimalizi hata dakika na ikiisha nyingine imeshaanza, na saa nane za usiku hakuna mtu wa kukwambia tumefunga nenda nyumbani. Dada akaja kukuta kaunta buku chini ya godoro, limejaa namba kwa biki nyekundu, namba za jezi, namba za mabasi, tarehe aliyofariki baba yake, mistari ya Zaburi, zote zimeunganishwa kwa mishale mpaka karatasi imetoboka. Kijana akamwambia mama yake kwamba mtangazaji wa mpira anaongea naye yeye, akisema "kona" maana yake weka hela, akisema "ameotea" maana yake subiri. Kichwa cha cherehani ya dada kikauzwa. Ikaja mikopo ya simu, ikaja kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali.

Sasa hapo katikati kuna kitu kilitokea ambacho kinaniuma kuliko cherehani. Siku ya maombi alisimama akashuhudia kwamba Mungu anamfunulia namba, macho mekundu, anaongea haraka huwezi kumfuatilia, na wapo waliosema amina! Wapo waliomfuata nje na hela mkononi, tuwekee na sisi baba. Alipopatia mara moja wakaanza kumwita bwana ndoto, kama ndugu zake Yusufu walivyosema, alipokosa wakasema ana pepo la kamari. Mtoto yule yule, ugonjwa ule ule, wiki ile ile.

Na ni ugonjwa. Wataalamu wanauita saikosisi, yaani akili inashindwa kutenganisha kilichopo kweli na kisichopo, na mara nyingi unaanza kwenye umri huo huo wa miaka ya kumi na nane, ishirini, ishirini na tano, yaani kijana ndio anaanza kushika simu yake na hela yake. Daktari alitueleza taratibu mpaka dada akaelewa: kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini, kazi yake mojawapo ni kukushtua kwamba hiki ni muhimu, kiangalie. Kwa mwenye saikosisi inashtuka hovyo, kama king'ora cha gari kinacholia hata akipita paka, kwa hiyo kila kitu kinakuwa na ujumbe, rangi ya shati, tangazo la redio, namba ya basi. Kubeti nako kunachezea hapo hapo. Hela inayokuja bila kutegemea, mkeka wa timu kumi uliochanwa na timu moja dakika ya tisini ukabaki unasema nilikaribia. Mtu mzima wa afya anaweza akanaswa, hata Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022 limeiweka kamari kwenye kundi la uraibu. Sasa fikiria huyu ambaye tayari anaona ishara kila mahali unampa mashine ya ishara mfukoni, na asubuhi kampuni inamtumia meseji kwamba bonasi inamsubiri.

Nilifungua Marko 9 juzi nikitafuta nguvu zangu mwenyewe, ile habari ya kijana aliyekuwa anatupwa motoni na majini. Nimeihubiri mara ngapi sijui. Safari hii nikakwama kwenye mstari wa 21. Umati unakuja mbio, wanafunzi wameshindwa, waandishi wanabishana nao, mtoto yuko chini anagaagaa na povu linamtoka, na Bwana wa uzima, mwenye uwezo wa kusema neno moja yakaisha, anamgeukia baba anauliza: amepatwa na haya tangu lini?

Wapendwa, Yesu aliuliza! Alikuwa hajui? Alijua. Ila alimpa yule mzee nafasi ya kueleza, tangu utoto, na jinsi mara nyingi inavyomtupa kwenye moto. Hakuanza na amefanya dhambi gani. Hakusema mlete mbele ya watu tumuombee apige kelele tupige na makofi. Alitaka kujua historia, kama yule nesi wa kliniki aliyekaa na dada na peni, anaandika, alianza lini kutolala, alianza lini kusikia sauti, anakula, anatumia bangi, anabeti. Wanafunzi tisa walikuwa pale na mtoto na sioni popote palipoandikwa kwamba hata mmoja aliuliza. Walikuwa bize na mabishano. Na sisi je? Mama mjane anakuja na mtoto hajalala wiki, tunampa ratiba ya mfungo. Tunamuuliza kama nyumbani kuna kitu kimezikwa. Yaani tumekuwa hodari wa kujibu kabla ya kusikia, na Mithali inatuita wajinga kwa hilo, sura ya 18, kasome.

Muulize mtu wa jirani yako ambaye kijana wake amebadilika. Kaa chini, acha simu, uliza tangu lini. Usiogope jibu. Huwezi kujua mama kama yule ameyabeba muda gani akiogopa watu watasema mwanae ni wa kupelekwa Mirembe, tumefanya jina la hospitali kuwa tusi la kutaniana wakati watu wanaenda pale Dodoma wanatibiwa wanarudi kwao. Na muda ni kitu kikubwa kwenye ugonjwa huu. Kijana akiwahishwa mwanzoni mwanzoni ana nafasi nzuri zaidi ya kurudi kwenye masomo na kazi, akicheleweshwa kurudi kunakuwa kugumu. Kila wiki tunayopoteza kuzungusha mtoto kwenye mikesha bila kumpeleka hospitali, tunaipoteza kwenye maisha yake.

Najua kuna atakayenijibu na mstari wa 29, kwamba namna hii haitoki isipokuwa kwa kuomba. Amina, tuombe, mimi mwenyewe naomba mpaka magoti yamekufa ganzi. Ila Eliya alipotamani kufa chini ya ule mti, malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, na hapo hakuna kemeo lililoandikwa. Aliyemwambia dada atupe vidonge kwa sababu ameshaombewa, namwambia mbele ya wote, usirudie. Vidonge vilitupwa, na ndani ya muda mfupi mtoto alikuwa barabarani peku anawatafuta watangazaji. Ukitaka kutabiri tabiri mvua.

Kuhusu vidonge niongeze kitu kidogo maana sikukijua. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa moja ya ugonjwa huu, aripiprazole, inaweza kuwaletea watu wachache hamu kali ya kubeti, kula au kununua vitu, na hamu hiyo huondoka dawa ikipunguzwa au ikiachwa. Mwanangu hatumii hiyo. Nasema ili mkiwa na mtu kliniki msione aibu kumwambia daktari habari za kubeti, zote, na madeni. Kupunguza au kubadilisha ni kazi ya daktari, wewe usiguse.

Kwa sasa anaendelea vizuri kiasi. Sauti zimepungua, usingizi umerudi, kubeti bado kunamvuta, halifichi, anasema mechi kubwa ikikaribia mikono inamuwasha. Tulikaa naye tukakubaliana, na neno ni kukubaliana maana hela ni yake na yeye ni mtu mzima: akaunti za kubeti amezifungia mwenyewe, laini yenye hela anakaa nayo dada, yeye anatembea na hela ya nauli na soda, na usiku simu inalala sebuleni. Wiki nyingine linamuuma, anagomba, anasema mnanifanya mtoto. Tunaongea upya. Kinanda amekigusa Jumapili iliyopita baada ya ibada, nyimbo mbili, akachoka.

Kwa hiyo naomba hivi. Mliompa hela awawekee, msimdai. Ilikuwa kamari yenu, mkeka wenu umechanika, malizaneni na Mungu. Vijana wa kwaya, mkiwa naye acheni kufungua mikeka mbele yake na kumuuliza timu gani inashinda, ongeeni mengine, hata hizo ligi zenu ziongeleeni bila hela. Akisema tena kwamba kuna namba amefunuliwa, usibishane naye na usimuunge mkono, mwambie nimekusikia, vipi usiku umelala? Halafu mpigie mama yake.

Kliniki ni Alhamisi, wanatoka saa kumi na moja asubuhi ili wawahi foleni. Dada anatafuta mtu wa kumkalia genge mpaka saa nane mchana, nyanya na vitunguu vinakuwa vimeshapangwa, na mtu mwingine mwanaume wa kwenda nao kwa sababu kijana akikaa sana kwenye benchi anataka kuondoka na mama peke yake hamuwezi. Anayeweza anicheki inbox leo, na nauli tumeshachanga.