Kujiandaa kupanda Kilimanjaro ukiwa Dar es Salaam

Nilipoamua kupanda Kilimanjaro, swali langu la kwanza halikuwa la jaketi wala viatu. Nilitaka kujua mwili wa mtu wa Msasani, aliyezoea usawa wa bahari, utaipokeaje hewa ya mita 5,895. Jibu lake ndilo lililopanga maandalizi yangu yote. Dar unaweza kuzoeza miguu na moyo; mwinuko huwezi. Kileleni oksijeni ni ileile asilimia 21 ya hewa, ila kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, inakaribia nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo sana. Mwili huzoea ukipewa siku. Mwanariadha akikimbilia juu anaweza kuumwa kichwa na kutapika, akapitwa na mtu wa kawaida aliyekwenda taratibu.

Ndiyo maana pesa yangu ya kwanza niliiweka kwenye siku. Nilichagua njia ya Marangu kwa sababu unalala kwenye vibanda, si mahema. Vituo vyake ni Mandara, mita 2,720 hivi, Horombo 3,720, kisha Kibo, karibu 4,720. Piga hesabu uone: kila usiku unalala mita 1,000 juu ya ulipolala jana, wakati wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya 500 kwa usiku. Nikalipia siku ya ziada Horombo, ya kupanda mchana kuelekea kilele cha Mawenzi na kurudi kulala palepale. Ni gharama kweli, maana kila siku hifadhini ina ada yake na ujira wa waongozaji na wagumu, yaani wapagazi. Hata hivyo, kama ingebidi nipunguze kitu, ningegusa kila kingine kabla ya siku ile.

Jaketi nililipata kwenye mitumba ya Karume. Yale mazito hayana wateja wengi Dar, kwa hiyo bei ni ya kuongea.

“Dada, na joto hili unalipeleka wapi?” kijana akaniuliza.

“Kilimanjaro, kaka.”

“Basi hilo rudisha, hilo la mvua tu. Ngoja nikutolee la manyoya.”

Alikuwa sahihi, ingawa niliyachukua yote mawili. Hewa hupoa takribani nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na usiku wa kileleni upepo unaongeza ukali. La mvua linavaliwa juu, la manyoya chini yake, na nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba, kwa kuwa pamba ikilowa jasho haikauki upesi. Mfuko wa kulalia na fimbo nilikodi Moshi. Viatu sikukodi. Nilinunua vyangu mapema, nikavivaa kwenye mwendokasi, sokoni, kila mahali, hadi vikaujua mguu wangu.

Mazoezi niliyafanyia kwenye ngazi za jengo refu ninalofanyia kazi Posta. Jioni wenzangu wakiingia kwenye lifti, mimi nilipanda na begi lenye unga wa sembe, nikiongeza mfuko kila nilipoona mwili unamudu. Mara moja moja nilichukua treni ya SGR hadi Morogoro, nikapanda Uluguru kupitia Morningside. Kule ndiko nilikojifunza kutembea pole kweli, mwendo ambao bado unaweza kuzungumza bila kuhema.

Nilimwona pia daktari. Aliniandikia asetazolamidi, dawa inayosaidia mwili kuzoea mwinuko, akataka niijaribu kwanza nikiwa nyumbani. Ushauri mzuri mno: vidole vilinichonyota na choo kidogo kikazidi, nami nikajua hayo ni ya dawa, si ya mlima. Usiinunue kiholela, wapo wasiopaswa kuitumia.

Chupa nilibeba za kudumu, kwa sababu zile za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani. Karanga, tende na ubuyu nilivitoa nyumbani, kwani juu hamu ya chakula hupotea na kinywa hukubali kile kinachokijua. Mzigo anaobeba mgumu mmoja una kikomo cha kilo 20, kwa hiyo nilipima begi langu nyumbani. Yule anayelibeba ni binadamu.

Nilifika kilele cha Uhuru kumekwisha kucha, nikiwa na maumivu ya kichwa ya kuvumilika. Kazi iliyobaki ilikuwa kushuka, na hapo ndipo wengi hawajajiandaa: siku hiyohiyo unatoka kileleni hadi Horombo, zaidi ya mita 2,000 kwenda chini, na magoti ndiyo yanayolipa. Kwa hiyo pale kwenye jengo lenu, ukishafika ghorofa ya juu, usishuke kwa lifti. Shuka kwa ngazi, na begi mgongoni. Na kucha za miguu zikate siku chache kabla ya safari, maana kwenye mteremko vidole vinagonga mbele ya kiatu kila hatua.