Mpaka saa saba

Juzi usiku tulikuwa mezani, sahani hazijatolewa, kompyuta imefunguliwa katikati ya mabaki ya pilau, tunatafuta kisiwa cha kwenda Agosti Bibi akija. Binti yangu mdogo, ambaye safari ile hakuwa amezaliwa, akauliza: "Bibi anaruhusiwa visiwa gani?"

Kaka yake akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nikamtazama baba yao. Baba yao akaitazama sahani yake.

Swali lina maana kwetu. Mama ni mtu wa Pemba. Kazaliwa kisiwani, kaolewa kisiwani, kazika mume kisiwani. Lakini tangu ile Septemba ya 2011, meli ilipozama Nungwi ikiwa njiani kuja kwetu, hajapanda tena chombo cha majini. Sisemi zaidi, kila mtu Wete ana jina lake analolikumbuka. Akitaka kwenda Unguja siku hizi hupanda kile kindege kidogo, na huanza Ayatul Kursiyyu Chake Chake asiiache mpaka magurudumu yaguse chini.

Basi alipokuja Leeds mara ya kwanza, 2017, nami nikapata wazo la kumpeleka kisiwani maana nilimwona anavyokaa dirishani akitazama matofali mekundu ya jirani kama mtu aliyewekwa rehani, kazi ilikuwa kubwa. Wifi yangu alishikilia Wight. Kizuri, kina mchanga wa rangi rangi na majabali meupe yamesimama baharini. Nikauliza kunafikiwaje. Feri. Hakuna daraja, hakuna njia ya chini. Tukakifuta. Scilly, meli kutoka Penzance au kindege, na mama alisema kindege kimoja kwa mwaka kinamtosha. Jersey, nauli ya watu wanne ilinifanya nifunge ukurasa haraka kama niliyefumaniwa. Skye kina daraja tangu 1995, Anglesey kina daraja tangu 1826, na hapo nikadhani nimepata. Nikamweleza mama kwa furaha.

"Kisiwa kina daraja?"

"Ndiyo, Mama. Unaingia kwa gari tu."

"Basi hicho si kisiwa tena. Kishaolewa bara hicho."

Nilimwacha siku mbili. Ya tatu nikaja na Lindisfarne, Holy Island wanavyokiita wenyewe, kule juu karibu na mpaka wa Uskoti. Hakuna meli, na daraja la kukiunganisha na bara hakuna. Kuna barabara tu juu ya mchanga, na kila siku mara mbili bahari inakuja inaifunika. Maji yakitoka, unapita. Yakijaa, mlioko ndani mmo ndani na walioko nje wako nje.

Mama akaweka kikombe chini. "Kama tulivyokuwa tukivuka kwenda kuokota chaza?"

"Kama hivyo."

"Tutakwenda mwezi ngapi?"

Nikamwambia Agosti, tarehe tisa. Akanitazama kwa huruma. Mwezi aliokuwa akiuliza ni ule wa angani. Akahesabu kwa vidole peke yake, Mfunguo Pili, akatikisa kichwa. "Mwezi kumi na sita. Bamvua. Maji yatatoka sana asubuhi na yatajaa sana alasiri. Tuwahi kwenda, tuwahi kurudi." Nilikwenda kuangalia jedwali la maji kwenye mtandao, lile linalotolewa na halmashauri, nikakuta ni kweli: njia salama asubuhi mpaka saa saba mchana, kisha imefungwa mpaka baada ya saa kumi na mbili jioni. Alikuwa hajapata kuiona bahari ile hata kwa picha.

Nyumba yetu, nadhani nimeshawahi kusema, ina saa mbili. Baba watoto kazaliwa hapahapa Leeds, wazee wake wa Mombasa. Kiswahili anacho, lakini ni cha jikoni: anajua kuomba chai, anajua kugombezwa. Akili yake ya saa ni ya Kizungu. Kwa kawaida nikitaja saa naongeza "za kwetu" au "za kwenu". Asubuhi ile, mwendo wa saa tatu ulipokwisha na tukaegesha gari kijijini, yeye akimfunga mtoto kamba za viatu, aliniuliza bila kuinua kichwa: "Tuna mpaka saa ngapi?"

Nikasema: "Saa saba."

Akasema: "Ah, tele." Akamshika mtoto mkono wakaenda kwenye ngome.

Ile "tele" ingemshtua mtu mwingine yeyote. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa mama kuweka miguu yake.

Asubuhi yenyewe ilikuwa njema. Dukani walikuwa wakionjesha ile pombe ya asali ya kisiwani katika vikombe vidogo, mama akasikia asali akanyoosha mkono, ikabidi nimkamate kama mwizi. Tukashuka mpaka kwenye bandari ndogo. Pale wana mabanda ambayo ni mashua za zamani za kuvulia samaki, zimekatwa nusu zikapinduliwa, zikapakwa lami nyeusi, zikatiwa milango. Wavuvi wanaweka humo nyavu na kamba zao. Mimi nilitoa simu nipige picha. Mama alisimama mbele ya moja, mkuku uko juu kabisa ya kichwa chake, akaweka kiganja kwenye mbao. Akauliza taratibu:

"Watu wake walitoka?"

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa nikaharakisha kumweleza kwamba hazikuzama, zilizeeka tu, wakaona hasara kuzitupa. Akasema, "Haya." Lakini mkono hakuutoa upesi.

Saa saba kasorobo wanaume wetu hawajarudi. Napiga simu, haipokelewi. Saa saba kamili. Saa saba na robo nikaanza kutembea huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutaga. Wakaja saa saba na nusu, mtoto ana barafu mkononi, baba yake amepumzika uso mzima. Kijana akaanza kumhadithia Bibi habari za maharamia wa Kaskazini waliovamia pale mwaka 793 wakaua watawa na kuiba. "Walikuja kwa chombo?" Bibi akauliza. Kwa chombo. "Unaona," akasema, akimtazama mjukuu kama aliyemshindia kesi.

"Saa ngapi nimekwambia?" nikamuuliza mume wangu.

"Seven."

Sina haja ya kueleza yaliyosemwa ndani ya gari. Yalisemwa kwa lugha mbili na mama alikuwepo.

Mwisho wa kijiji barabara inashuka kuelekea mchangani. Kuna bango pale lenye picha ya gari limezama mawimbini na maneno ya kukwambia kwamba huyo anaweza kuwa wewe. Mbele ya bango lami ilikuwa inaonekana vizuri, ukiacha sehemu moja bondeni ambapo maji yalikuwa yameilamba upana wa magari mawili hivi, membamba, yanang'aa. Ng'ambo yake barabara inaendelea, kavu, nyeusi, mpaka inapopinda. Kwa mbali kabisa, upande wa bara, ungeweza kuona kile kibanda cheupe kilichosimamishwa juu ya miguu mirefu, wanachopanda watu ambao gari limewafia. Hakuna gari jingine lolote. Jua linawaka. Sijui kama nimewahi kuona hatari iliyotulia namna ile.

"Ni inchi mbili," mume wangu akasema. "Tunapita. Dakika tano tuko ng'ambo."

Na mimi, nataka kusema ukweli hapa, nilikuwa nimeshafunga mkanda. Nilikuwa na hasira naye, na hasira yangu ilitaka kurudi nyumbani.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama akashuka bila kusema kitu. Akatembea mpaka ukingoni, akainama, akavua viatu, akavua soksi, zile soksi nzito nilizomnunulia maana miguu yake ilikuwa haipati moto tangu afike nchi hii, akazikunja moja ndani ya nyingine, akaniita kwa kichwa nije nizishike. Akakusanya buibui mkono mmoja. Akaingia.

Hatua tatu tu. Akasimama.

Yalikuwa maji ya baridi. Najua kwa sababu niliona vidole vyake vya miguu vikijikunja juu ya lami. Lakini uso wake haukubadilika, alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja kama mtu anayesikiliza maneno kutoka chumba cha pili. Nikamwita, hakujibu. Povu dogo lilikuwa linapita mbele yake, nyuzi za mwani ndani yake, nami nikangoja lije kwetu. Halikuja. Lilikwenda kushoto, likakata barabara, likatoweka upande wa pili kama kwamba barabara haikuwapo. Lingine likafuata, kwa haraka zaidi. Nikaangalia miguu ya mama. Alipoingia maji yalikuwa chini ya jicho la mguu. Jicho la mguu wa kulia, lile lenye kovu la shoka, sikuliona tena. Hajasogea. Pindo la buibui, ambalo alikuwa amelishika juu kabisa, lilikuwa limelowa.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mume wangu alizima injini. Mtoto alikuwa ameacha kula barafu, inamwagika mkononi.

Mama akageuka, akarudi, akamwendea mkwe wake dirishani. Alizungumza kwa adabu, kama mtu anayemkaribisha chakula.

"Mwanangu, haya hayaji mbele yako, yanakuja ubavuni. Hapa unaona kidogo kwa sababu ndiyo yanaingia. Kule bondeni, karibu na kile kibanda, pameshafungwa zamani. Ukipita hapa utafika kule, kule utataka kurudi, na hapa patakuwa hapapo."

"Lakini, Mama, ni kavu, ninaona..."

"Unaona. Mimi nimesimama."

Akaingia garini na miguu yake mibichi. Mume wangu akageuza.

Saa tano zilizobaki nazipitisha haraka, ingawa zilikuwa saa njema kuliko zote za likizo ile. Wageni wa kutwa walikuwa wamekwishaondoka, kijiji kimebaki na wenyewe, na wenyewe hawafiki mia mbili. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwenye majani nje ya magofu ya nyumba ya watawa. Tulimaliza chai yote ya chupa. Mume wangu alilala kwenye nyasi kofia usoni, nadhani kwa aibu. Jioni maji yalipoanza kutoka na mchanga kujitokeza kwa mbali, tukasikia vilio, virefu, kama wanawake msibani. Mama aliruka akaanza kusoma. Ilituchukua muda kumwonyesha kwamba ni sili, wanyama wa baharini, wamelala kwenye mafungu ya mchanga, wanaimba, ndiyo kawaida yao. Aliwatazama sana. Akasema wana sauti za majirani zetu, na sikumuuliza ni majirani gani. Baada ya saa kumi na mbili tukavuka. Barabara imetapakaa mwani, bado inachuruzika. Kwenye kibanda cheupe hapakuwa na mtu.

Na hapo ndipo penye tatizo. Kama siku ile kungekuwa na gari limezama pale bondeni, hadithi hii ingekuwa imekwisha miaka mingi. Halikuwapo. Kwa hiyo mume wangu hadi leo anasema tungepita. Husema polepole, mama akiwa hayupo, wala simbishii sana, maana najua mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga mkanda. Nimelelewa pwani ileile. Nimeokota chaza nikiwa mdogo kuliko binti yangu huyu. Nilichokuwa nacho siku ile ni jedwali la halmashauri, na hata hilo nilishindwa kulisoma kwa sauti kwa saa ya mtu mwingine.

"Alijuaje?" binti yangu akauliza juzi, baada ya kaka yake kumaliza kuhadithia, na kuongeza papa ambaye hakuwapo.

"Alisimama," mwanangu akajibu, kama ndiyo jibu.

Tukarudi kwenye kompyuta. Wanataka Wight, wote wawili, na safari hii wamejiandaa. Wamegundua kwamba kutoka Southsea kuna kile kitu kinachokwenda Ryde kwa dakika kama kumi hivi, kina mapangaboi makubwa nyuma na mfuko mweusi wa upepo chini, kinapanda kutoka majini mpaka pwani bila kusimama. Si meli, wanasema. Hakigusi maji hata kidogo, kinakaa juu ya hewa. Walitaka kumpigia Bibi usiku uleule. Nikawazuia, wakapiga hivyohivyo asubuhi kabla sijaamka, na nilipofika jikoni mwanangu alikuwa ameshamaliza maelezo yote, ya mapangaboi na ya mfuko na ya hewa, na simu iko kimya.

Kisha sauti ya mama, iko mbali, na jogoo nyuma yake:

"Anayekiendesha anaitwa nani? Dereva au rubani?"

Mwanangu akanitazama. Nikainua mabega.

"Nahodha, Bibi, nafikiri."

"Basi ni chombo."