Siku Moja Maishani Mwangu: Msaidizi wa Sheria Micheweni

Saa 11 alfajiri, baada ya sala, huwasha jiko la chai na kusoma ujumbe ulioingia usiku, kwani huo ndio unaoipanga siku yangu. Leo upo mmoja tu: "Dada, samansi ni leo, usinisahau." Mimi ni msaidizi wa sheria wa kujitolea katika shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba. Mshahara sina, na nauli mara nyingi hutoka kwenye mwani wangu mwenyewe. Na leo ni bamvua, maji yatatoka mbali asubuhi hii, wenzangu watakuwa pwani wakifunga taitai, vikamba vya kufungia mwani, nami nitakuwa garini.

Saa 1 asubuhi nampitia mama aliyeniandikia ujumbe huo. Ameachwa mwaka jana akiwa na watoto wanne, akarudi nao kwa mama yake mzazi. Nyumba nzima inaegemea pensheni jamii ya bibi, ile iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa wazee waliofikia miaka 70, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha iliyokusudiwa kumpumzisha mzee ndiyo inayonunua mchele, sabuni na madaftari ya wajukuu. Bibi ananikaribisha muhogo, kisha ananivuta kando: "Mwanangu, yule mume aliyemwacha ni mtoto wa kaka yangu. Mkimfikisha kwa Kadhi, mimi siku ya msiba nitakaa na nani?"

Huo ndio muhali, ile haya ya kumshitaki ndugu, na katika kazi hii nimeuona ukiwanyima watoto chakula mara nyingi kuliko ukosefu wa sheria. Simlaumu bibi, kwa sababu kijijini ndugu ndiye bima, ndiye mchimba kaburi na ndiye mkopeshaji. Nilimjibu tu kwamba hatuendi kugombana, tunakwenda kudai matunzo ya watoto ambao nao ni damu ya kaka yake. Hakusema kitu, aliendelea kumenya muhogo.

Saa 2 tunapanda gari ya Wete. Njiani nazikagua karatasi alizozitia katika mkoba wa ukindu: hati ya talaka, vyeti vitatu vya kuzaliwa, na barua ya sheha kwa ajili ya mtoto wa nne, aliyezaliwa nyumbani na hakuandikishwa. Karatasi moja ikikosekana, safari hurudiwa, na nauli hurudiwa pia.

Mahakama ya Kadhi, inayofanya kazi chini ya Sheria Namba 9 ya mwaka 2017, husikiliza mashauri ya Waislamu kuhusu ndoa, talaka na matunzo. Mume alifika pamoja na ami yake, akaeleza kuwa uvuvi umekuwa mbaya. Kadhi alipomuuliza mama mahitaji yake ni yapi, alitoa ukurasa wa daftari ulioandikwa kwa penseli na binti yake mkubwa: unga, mafuta, dawa ya bibi, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kuliko nyingine, "viatu vya mdogo wetu". Ukurasa ule ulipita mkono hadi mkono, na ami mtu alikaa nao muda mrefu kuliko wote. Kiasi kilikubaliwa, kitalipwa kila mwezi kupitia mahakamani. Lakini kukubali si kuleta, na kazi yangu kubwa itakuwa kuufuatilia mwezi wa pili na wa tatu, pale watu wanapoanza kusahau.

Saa 10 alasiri tunakaa kwenye hisa, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kisanduku kina kufuli tatu na washika funguo watatu, na mmoja wao alikuwa bado anaanika mwani, kwa hiyo tulimsubiri karibu saa nzima, watu wazima ishirini tukikitazama kisanduku. Mama yetu alikopeshwa nauli ya leo kutoka mfuko wa jamii wa kikundi, bila riba, kisha akanunua hisa yake ya kwanza. Aliutazama muhuri kwenye kitabu mpaka wino ukakauka.

Baada ya sala ya isha bibi alinipigia simu. Nilidhani atauliza kiasi. Aliuliza kama yule kijana alitusalimia tulipoachana. Nilimjibu kuwa alitusalimia, na ni kweli.