Kilomita 18 Katika Jumatano Moja: Siku ya Mkimbiaji wa Ridhaa Nairobi

Saa 10:15 alfajiri

Niliamka kabla simu haijalia, nikanywa maji nusu gilasi na kula ndizi moja nikiwa nimesimama jikoni, kisha nikaubonyeza muundi wa mguu wa kulia kwa kidole gumba, kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo, kama nifanyavyo kila asubuhi tangu mwaka juzi. Hapakuwa na mahali palipouma. Hiyo ndiyo ruhusa ninayoihitaji kabla ya kufunga kamba za viatu. Jumatano ni siku yangu ya kukimbia mara mbili: kilomita 11 kabla ya kazi na 7 baada yake, katika wiki iliyopangiwa kilomita 78.

Mimi ni mtunza bohari katika kampuni ya vifaa vya ujenzi, Eneo la Viwanda. Marathoni yangu ya kwanza niliimaliza kwa saa 4 na dakika 12, wakati ambapo sikuwa nikizidisha kilomita 35 kwa wiki. Ya mwisho nimeimaliza kwa saa 3 na dakika 44. Mwezi wa Oktoba, katika Nairobi Marathon, nataka kushuka chini ya saa 3 na nusu, yaani kila kilomita kati ya zile 42.195 niikimbie kwa dakika 4 na sekunde 58. Dakika 28 nilizokwisha kuzipunguza hazikutokana na kuongeza kasi ya mazoezi. Zilitokana na kuongeza kilomita, na ili niweze kuziongeza ilinibidi nikubali kwenda polepole zaidi kuliko nilivyodhani mkimbiaji anastahili kwenda.

Saa 10:45 alfajiri

Mwalimu alikuwa ameshafika langoni, pamoja na kina mama wawili wa mtaa wa pili. Tunaishi Buruburu, na asubuhi za siku za kazi hatuendi mbali: tunazunguka kati ya Mumias South Road na Rabai Road, mahali penye taa na walinzi wanaotufahamu. Mwanamke anayetaka kukimbia gizani katika jiji hili anahitaji wenzake kabla hajahitaji viatu, na nasema hivi kwa uzito wote, kwa kuwa ninawajua waliouacha mchezo huu kwa sababu hiyo tu.

“Mama Neema, umeamkaje?”

“Salama, Mwalimu. Leo ni kumi na moja, mwendo wa maongezi.”

Mwendo wa maongezi ndilo jina tulilolipa lile jambo ambalo vitabu vya mazoezi hulieleza kwa kurasa nyingi: kasi ambayo mtu anaweza kusema sentensi nzima bila kukatiza ili avute pumzi. Kwangu ni kama dakika 6 na sekunde 40 kwa kilomita, karibu dakika moja na nusu zaidi ya mwendo wangu wa siku ya mashindano. Anayeanza huona aibu kwenda hivyo, hasa anapopitwa na kijana aliyevaa fulana ya mpira. Lakini ni katika mwendo huo ambapo misuli huongeza mitokondria, yaani zile sehemu za seli zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu. Mishipa midogo ya damu inayoilisha misuli huongezeka. Moyo hupata uwezo wa kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Na mwili hujifunza kutumia mafuta zaidi, ukiiwekea akiba ile sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini. Sukari hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniishia kwenye kilomita ya 32, miguu ikawa kama si yangu, na nikamaliza marathoni mbili za mwanzo nikitembea.

Niseme pia kwamba majedwali ya mwendo tunayoyapata kwenye intaneti mara nyingi yametungwa kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu yake, na kila pumzi hapa huingiza oksijeni pungufu kidogo. Anayeyafuata majedwali hayo neno kwa neno akiwa Nairobi hujikuta akikimbia kwa nguvu siku aliyopaswa kupumzisha mwili.

Mwalimu anafundisha historia, na maongezi yake hurudi huko. Leo alitusimulia habari za Arthur Lydiard, mkufunzi wa New Zealand aliyewataka wanariadha wake wote, hata wa mbio fupi kiasi, wajenge msingi wa takriban kilomita 160 kwa wiki kabla ya kugusa mazoezi ya kasi. Katika Olimpiki ya Roma ya mwaka 1960, Peter Snell alishinda mita 800 na Murray Halberg akashinda mita 5,000 siku hiyo hiyo, naye Barry Magee, wa kundi hilo hilo, akapata shaba katika marathoni ile ambayo Abebe Bikila wa Ethiopia aliishinda pekupeku. Mmoja wa kina mama aliuliza kwa nini mtu wa mita 800 akimbie kilomita zote hizo. Mwalimu alijibu kwamba Lydiard alitaka mtu afike mita 100 za mwisho akiwa bado ana miguu. Tulimaliza kilomita 11 kwa dakika 73, na hakuna aliyekuwa akitweta.

Saa 12:10 asubuhi

Uji wa wimbi, viazi vitamu viwili, yai. Nikamwandaa Neema kwa ajili ya shule.

Saa 1:00 asubuhi

Katika matatu ya kwenda kazini nilipata nusu saa ya kukaa, ambayo kwangu ni sehemu ya mazoezi kama sehemu nyingine yoyote. Hapa ndipo pa kueleza habari ya muundi. Mwaka juzi, baada ya kusoma kwamba Eliud Kipchoge hukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa wiki akiwa kambini Kaptagat, niliona kilomita zangu 40 kuwa jambo dogo mno, nikazipandisha hadi 65 kwa muda wa wiki mbili. Sikuchoka. Pumzi ilikuwa nzuri, mapigo ya moyo yalikuwa yameshuka, na nilikuwa na furaha isiyo kifani. Wiki ya tatu maumivu yakaanza mahali padogo panapoweza kufunikwa kwa sarafu, nami nikaendelea kukimbia juu yake siku 9. Daktari alinieleza kwamba mfupa ulikuwa umeanza kupata nyufa ndogo sana, akanizuia kukimbia kwa wiki 7.

Alichonifundisha daktari huyo ndicho kinachoongoza daftari langu hadi leo. Moyo na mapafu hubadilika kwa majuma machache, lakini mifupa na kano huhitaji miezi, kwa hiyo mtu huanza kujihisi ana nguvu kabla viungo vinavyoubeba mwili havijawa tayari kuubeba. Nilisahau vilevile kwamba Kipchoge alizipata kilomita zake kwa miaka mingi chini ya mkufunzi mmoja, Patrick Sang, na kwamba sehemu kubwa ya kilomita hizo huzikimbia chini kabisa ya kasi iliyompa saa 2:01:09 mjini Berlin mwaka 2022. Niliiga tarakimu, sikuiga njia ya kuifikia. Siku hizi siongezi zaidi ya kilomita 5 au 6 kwa wiki, na kila wiki ya nne napunguza robo ya jumla, hata kama najisikia vizuri. Kutoka 40 hadi 78 kumenichukua zaidi ya miezi 8.

Saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni

Kazi ya bohari ni ya kusimama. Nilipokea malori mawili ya saruji, nikahesabu mifuko, nikatia saini, nikatoa mabati na mabomba kwa wateja, nikapanda na kushuka ngazi ya rafu mara nisizozihesabu. Wakimbiaji wanaokaa ofisini hulalamikia migongo. Sisi tunaosimama huhisi nyayo na mashavu ya miguu, na mzigo huo sharti uingie katika hesabu ingawa hakuna saa ya mkononi inayouandika. Ndiyo maana mazoezi yangu ya kasi nayafanya Jumanne, siku ambayo malori hayaji.

Chakula cha mchana kilikuwa ugali, ndengu na sukuma wiki, pamoja na chungwa. Chai nilikunywa saa moja baadaye. Zamani nilikuwa nikiinywa pamoja na chakula, hadi vipimo vya damu vilipoonyesha kwamba madini yangu ya chuma yako chini, nikaambiwa kwamba chai huzuia mwili kuyafyonza madini hayo kutoka kwenye mboga na nafaka, ilhali tunda lenye vitamini C huusaidia. Mwanamke anayepata hedhi na kukimbia kilomita 70 kwa wiki anapoteza chuma kwa njia zaidi ya moja. Nawaomba dada zangu wanaoongeza kilomita wakapime damu kabla hawajailaumu miguu yao.

Saa 11:20 jioni

Nilibadilisha nguo, nikaacha mkoba kazini na kubeba ufunguo na simu tu. Kurudi nyumbani ni kilomita 7: kutoka Enterprise Road, nikafuata Lusaka Road hadi mzunguko wa City Stadium, halafu Jogoo Road yote. Si njia nzuri. Kuna moshi wa magari, kuna wachuuzi waliotandaza bidhaa zao njiani, nao wana haki ya kuwa pale kama mimi, na kuna mahali inanibidi nitembee kabisa. Hata hivyo kipande hiki ndicho kilichoniwezesha kuvuka kilomita 60, kwa kuwa kinachukua dakika 50, na matatu za saa hiyo mara nyingi hunichukua muda uo huo au zaidi. Mtu mwenye kazi na mtoto hapati saa mpya katika siku. Anachoweza ni kutafuta saa ambayo tayari inapotea.

Kufikia Makadara nilihisi kano ya kisigino cha kushoto ikikaza. Haikuwa maumivu. Nilipunguza mwendo, ikalegea kidogo, kisha ikarudi nilipokaribia nyumbani.

Saa 2:30 usiku

Neema alikuwa amemaliza kazi ya shule, nami nilikuwa nimenyoosha mashavu ya miguu na kuinua visigino kwenye ngazi mara 30 kwa kila mguu, zoezi la pole linaloimarisha kano. Kisha nikaangalia viatu. Nilivinunua vikiwa mitumba, baada ya kuvibonyeza soli ili kuhakikisha kwamba sponji bado inarudi, na daftari linaonyesha kwamba vimeshabeba kilomita 610. Kwa kilomita 78 kwa wiki havitafika mwisho wa mwezi ujao, na gharama hiyo lazima niitenge sasa.

Katika daftari hilo kilomita zilizokimbiwa naziandika kwa kalamu ya wino, zinazokuja kwa penseli. Niliandika 18 kwa wino. Alhamisi ilikuwa na 10 kwa penseli, na chini yake Ijumaa 6, Jumamosi 24 katika msitu wa Karura, Jumapili 8. Nilikaa nikishika kisigino. Kilikuwa bado na joto.

Nikafuta 10, nikaandika 6, jumla ya wiki ikashuka hadi 74. Kisha nikamwandikia Mwalimu ujumbe: “Kesho sita tu, kisigino kimekaza.”

Jibu lilikuja kabla sijazima taa: “Sawa, Mama Neema. Basi tutoke saa kumi na moja na robo, ulale kidogo.”