Taa za Trela Kabla ya Safari ya Naivasha

Taa za trela zimekubali. Naandika usiku huu mikono ingali inanuka grisi, kwa sababu nataka utaratibu wa kutafuta hitilafu hii ubaki mahali ninapoweza kuurudia. Tena nina hakika kuna mtu mwingine hapa Nairobi aliyeegesha trela mbele ya nyumba, na haelewi kwa nini indiketa yake moja inaamsha taa zisizohusika.

Kesho kutwa tunakwenda kupiga kambi Hell's Gate, ile hifadhi ya karibu na Naivasha. Mahema, magodoro, jiko la gesi, mitungi ya maji na baiskeli za watoto, vyote vitabebwa na trela la ndugu yangu, ambalo limekaa nje kule Kitengela masika yote. Tulipoliunganisha na gari, nilimwomba binti yangu asimame nyuma atazame.

"Washa ya kushoto, Baba." Nikawasha. "Inawaka kidogo tu, halafu na ile nyekundu inawaka nayo." Nikawasha taa kubwa, kisha nikakanyaga breki. "Sasa zote zimefifia!"

Mtoto alikuwa ameshamaliza nusu ya kazi ya fundi. Taa zinapoanza kuingiliana namna hiyo, cha kwanza kushuku ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri. Kila taa ya trela ina waya wake wa kupeleka umeme, lakini kwa kawaida zote hurudisha kwa njia moja: pini ya 3 ya plagi inayounganisha trela na gari, waya mweupe. Njia hiyo ikizibwa na kutu, umeme hufanya kama mtu aliyekuta lango lake limefungwa, hupitia kwa jirani. Umeme wa indiketa unaingia kwenye taa nyekundu kwa nyuma, unafuata waya wake hadi kwenye gari, na huko ndiko unakopata pa kutokea. Ndiyo sababu zote mbili zinawaka, na hakuna hata moja inayowaka sawasawa.

Baba Njeri, jirani yangu, alipita akanishauri ninunue balbu mpya. Alinishauri kwa nia njema, na ndivyo wengi wetu tulivyozoea. Kirinyaga Road, barabara ya maduka ya vipuri ambayo wengi bado wanaiita Grogan, haiko mbali, na balbu si ghali. Lakini kwa kawaida balbu iliyokufa haiwashi taa ya mwenzake. Isitoshe, kuipima ni kazi ya dakika moja: unaichomoa, unaigusisha kwenye betri kwa vipande viwili vya waya, unaangalia. Zile za nyuma zina nyuzi mbili ndani, wati 5 kwa taa ya kawaida na wati 21 kwa breki, kwa hiyo lazima upime zote mbili. Zangu zilikuwa nzima.

Nikaanzia kwenye gari, kabla ya kugusa trela. Magari mengi tunayoendesha hapa yanatoka Japani bila soketi ya trela. Soketi hufungwa hapa hapa na fundi wa waya, na kila fundi ana mkono wake. Nimewahi kuona nyingine ambayo nyaya zote saba ni nyekundu. Kwa mpangilio wa kawaida wa pini saba, pini ya 1 ni indiketa ya kushoto, ya 4 ni ya kulia, ya 5 na ya 7 ni taa za nyuma za kulia na kushoto, ya 6 ni breki, na ya 2 ni ya taa ya ukungu. Nilizipima moja moja kwa testa yenye balbu. Gari halikuwa na neno.

Kuhusu hiyo testa, nisikilizwe vizuri. Multimita, ile mita ya kupimia volti, ni kifaa kizuri, lakini ukiitumia peke yake kwa kazi hii inaweza kukupotosha. Haivuti umeme wa maana, kwa hiyo hata waya uliobakiza uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 kamili. Balbu ya wati 21 inataka karibu ampea 2, na uzi huo mmoja unaweza kushindwa kuzibeba. Ndipo mtu anaposema, "Umeme unafika lakini taa haiwaki," akaanza kuona mazingaombwe. Pima taa zikiwa zimewashwa, zikiwa zinafanya kazi yake. Niliweka mguu mmoja wa multimita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye fremu ya trela, binti yangu akakanyaga breki. Hapo panatakiwa kusoma karibu na sifuri. Palisoma zaidi ya volti 4. Volti zilizopaswa kuwa kwenye taa zilikuwa zinapotelea njiani zikirudi.

Nikampigia simu mzee mmoja fundi wa waya ambaye familia yetu imemtegemea miaka mingi.

"Shikamoo, Mzee. Taa zinaingiliana, na ethi inasoma volti 4."

"Marahaba, kijana wangu. Hilo trela lina waya wa ethi mpaka mwisho, au linategemea kile kifundo cha kuvutia?"

Hilo ndilo swali. Kuna matrela ambayo waya mweupe umekatika zamani na hakuna aliyejua, kwa sababu umeme unarudi kupitia chuma kwa chuma, pale trela linaposhikana na gari. Ukisimama taa zinawaka. Ukiingia barabarani, kifundo kikicheza ndani ya grisi, zinakwenda na kurudi. "Grisi na umeme havipatani," akasema Mzee. "Fuata waya kwa mkono mpaka unapofungwa."

Nikaufuata nikiwa nimelala chali chini ya trela. Umefungwa kwenye fremu kwa nati moja nyuma ya chuma cha mbele, mahali ambapo tairi za gari hurusha matope. Kwa nje nati ilionekana imekaza. Nilipoifungua, pete ya shaba mwisho wa waya ilikuwa ya kijani na inamong'onyoka, na chini yake kulikuwa na rangi ya trela, kisha kutu, kisha ndiyo chuma. Nikakata waya hadi nikakuta shaba inayong'aa, nikabana pete mpya, nikapiga msasa fremu mpaka ikawa nyeupe, nikakaza, nikapaka grisi juu, baada ya kukaza, ili maji yasiingie. Kipimo kikashuka karibu na sifuri. Binti yangu akapiga kelele kule nyuma mpaka majirani wakachungulia.

Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu ya barabara. Tutapitia Limuru, na mwezi huu wa Julai ukungu wa Kimende na Soko Mjinga unaweza kukufumba macho asubuhi. Trela lenye mahema yaliyorundikwa linaziba taa za gari kabisa. Dereva wa lori aliye nyuma yangu hana kingine cha kumwambia kwamba nimepunguza mwendo ila hizo taa mbili nyekundu. Sote tumekuta matawi ya miti yametandazwa juu ya lami, na mbele yake lori limekwama gizani bila taa hata moja. Nimepita hapo moyo ukinidunda. Sitaki mtu yeyote anikute mimi hivyo, watoto wangu wakiwa ndani.

Imebaki taa ya namba. Trela lina namba yake, ile inayoanza na Z, na usiku haisomeki. Waya wake uko sawa, umeme unafika na unabeba mzigo, ila kishikilia balbu kimeoza na kimevunjikia mkononi. Kesho asubuhi nitashuka Kirinyaga Road nikakitafute, pamoja na fyuzi za akiba na balbu mbili za kuweka garini. Mchana tutapakia, kisha tutapima taa zote upya trela likiwa na mzigo.