Nilivyoifanya sinthesaiza ifuate mikono yangu

Kwa muda mrefu, kwenye sinthesaiza yangu (kinanda cha umeme kinachounda sauti), sauti yangu ya nyuzi, ile ya kuiga fidla nyingi, ilipendeza kwa sekunde mbili tu. Nikishika kordi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na kuiacha iendelee, inakauka kama ubao: haivimbi, hainywei, haipumui. Nilijua dawa iko kwenye jedwali la modulesheni, pale unapochagua chanzo, kitu unachotaka kibadilike, na kiasi cha badiliko lenyewe. Siku moja nikaketi nikajaza kila mstari. Gurudumu la modulesheni likabebeshwa vibrato (mtetemo wa sauti), kichujio (kinachofifisha au kufungua mng'ao wa sauti) na resonansi (mkazo wa sauti pale kichujio kinapokatia) kwa pamoja, pedali ikapewa ukubwa wa sauti na mwangwi, na mgandamizo wa vitufe nao ukapata kazi tatu. Ikawa vurugu tupu. Nikigusa kitu kimoja, vinne vinabadilika, na sijui kipi kimeletwa na nini.

Nikafuta yote. Safari ya pili sikuanza na menyu, nilianza na mwili: ninapopiga sauti hii, kiungo gani kiko huru? Kwenye nyuzi mikono yote miwili imo vitufeni, kwa hiyo magurudumu ya kushoto hayanifai. Kinachobaki ni mguu na uzito wa vidole. Kwenye solo mkono wa kushoto umekaa bure, na huko ndiko magurudumu yanakopata kazi.

Nikaupeleka mgandamizo kwenye kichujio, ili nikikikandamiza zaidi kitufe ambacho tayari kimefika chini, sauti ing'ae. Nikakandamiza. Hakuna kilichobadilika. Nikaongeza kiasi hadi mwisho, bado. Nilikwisha kuamini kwamba kihisi kilicho chini ya vitufe kimekufa. Kumbe kichujio kilikuwa wazi chote tangu mwanzo! Vyanzo vyote hujumlishwa juu ya thamani uliyoiweka kwa nobu (kitufe cha kuzungusha), na jumla ikishagonga dari, hata uongeze nini sikio halipati kitu. Nguvu ya kupiga kitufe nayo ilikuwa inasukuma kichujio hichohicho, kwa hiyo hapakuwa na nafasi hata kidogo. Nikakifunga mpaka sauti ikawa ya giza, sauti ambayo ikiachwa hivyo nisingeipenda, kisha nikaegemeza vidole. Kordi ikafunguka polepole chini ya mikono yangu. Nilirudia kordi ile moja pengine nusu saa nzima. Tangu siku hiyo naitengeneza sauti ikae chini ya pale ninapoitaka, ili udhibiti uwe na pa kupandia.

Jambo moja la kuangalia: vinanda vingi, changu kikiwemo, hupima mgandamizo mmoja kwa vitufe vyote. Kidole kimoja kikikandamiza, kordi nzima inafuata. Kwa mng'ao hilo linakubalika kabisa; kwa vibrato ndani ya kordi mimi silipendi, kila sauti inatetema kwa mpigo mmoja.

Vibrato yenyewe niliikosea kwa namna nyingine. Nililiunganisha gurudumu la modulesheni moja kwa moja na kimo cha sauti (uzito au wembamba wa noti), na nilipolisukuma solo ikapanda ikatoka kwenye ufunguo. Linachopaswa kudhibiti ni kina cha LFO, yaani wimbi la polepole linalotikisa kimo hicho. Nikaweka kina sifuri, mwendo kati ya mizunguko 5 na 6 kwa sekunde, kisha gurudumu ndilo liongeze kina. Kiasi kiwe kidogo sana, kidogo kuliko unavyodhani.

Pedali niliipa ujumbe namba 11 wa MIDI (lugha ambayo ala za kielektroniki huwasiliana kwayo), wa mhemko wa sauti, badala ya namba 7, wa ukubwa wa sauti. Ile namba 7 naiacha ishike uwiano kati ya ala na ala, mguu usije ukauvuruga. Kwanza pedali ilifanya kinyume, ukikanyaga sauti inazima. Nikageuza polariti, yaani mwelekeo wa pedali, kwenye mipangilio, ikatulia. Nilipoijaribu kwenye kichujio chenye resonansi kali nikasikia ngazi, kama ukucha unaopitishwa juu ya zipu, kwa sababu ujumbe huo una hatua 128 tu, kuanzia 0 hadi 127. Gurudumu la kupinda kimo lina 16,384, ndiyo maana huteleza. Nilipunguza kiasi, hatua zilezile zikagawana umbali mfupi zaidi, na ukwaruzo ukapotea.

Muunganisho ninaoupenda kuliko yote ni wa mwisho, na kiasi chake ni hasi. Nguvu ya kupiga kitufe niliielekeza kwenye muda wa sauti kuchomoza, nikaweka alama ya kutoa. Nikigusa kwa upole, nyuzi zinachomoza taratibu. Nikipiga kwa nguvu, muda unafupika na sauti inatoka papo hapo. Sasa wimbo mmoja naupiga tangu utulivu wa mwanzo hadi kilele bila kubadilisha sauti wala kuondoa mkono kwenye vitufe.