Siku moja ukweni Machame: nilikuja kusalimia, nikaishia bandani

Saa 10:30 alfajiri. Mlango unagongwa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayetaka uamke lakini hataki aonekane amekuamsha. Ni mama mkwe. Jana usiku nilijitia kimbelembele nikamwambia, "Mama, kesho na mimi nitakuja bandani." Mimi ni mtoto wa Tandika, maziwa nayajua ya pakiti. Na Machame mwezi wa saba baridi yake haina mzaha. Nimetoka na sweta mbili za mume wangu, mwenyewe kalala.

Banda liko nyuma ya nyumba, katikati ya migomba: mbao, bati na sakafu ya zege. Ng'ombe ni watatu. Neema na Bahati wanakamuliwa, Furaha bado ni mtamba, hajazaa. Hawatoki humo mwaka mzima, chakula ndicho kinachowafuata. Kabla sijagusa kitu, Mama akanifungua kanga yangu mpya na kunifunga ya kwake ya bandani, imekakamaa kwa samadi na maziwa makavu.

"Harufu yako ngeni, mwanangu. Atabana."

Ng'ombe akishtuka, au akimwona mtu asiyemjua, anabana: maziwa yamejaa kiweleni na wewe hupati hata kikombe. Ndiyo maana Mama anaanza na maneno ya Kichaga, taratibu, halafu kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye kiwele. Baada ya hapo chuchu zenyewe zinavimba.

"Unafinya, huvuti," akaniambia. Kidole gumba na cha shahada vinaziba juu ya chuchu, kisha vile vingine vinafunga kimoja baada ya kingine kushuka chini. Nikafinya. Yakatoka matone mawili, moja likaishia kwenye kiwiko changu. Neema akageuza shingo akanitazama, nikajua nimedharauliwa. Mama alipochukua nafasi, ndoo ililia kama bati linalonyeshewa, kisha mlio ukazama kwenye povu. Lita 9.

Saa 12 kasoro. Bahati. Kwake Mama alianza kwa kukamua michirizi ya kwanza kwenye kisahani cheusi, akakipeleka karibu na taa. Juzi Jumapili robo moja ya kiwele ilitoa vibonge kama maziwa yaliyokatika. Ni ugonjwa wa kiwele. Daktari wa mifugo akaja na sindano. Leo maziwa yametoka masafi, lita 4, na mimi nisingeweza kuyatofautisha na ya Neema hata kwa kulipwa. Mama akatoka na ile ndoo, akaenda hadi kwenye mgomba wa tatu, akamwaga.

Nilidhani sijaona vizuri. "Mama, si tungechemsha tu?"

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Dawa haifi."

"Mpaka lini?"

"Kesho kutwa jioni."

Saa 1 asubuhi. Mlima ulikuwa umefunguka, theluji juu, wingu bado halijapanda. Tulishuka kwenda kituo cha kukusanyia maziwa, Mama na ndoo kichwani, mimi mikono mitupu na nikiwa wa pili. Huku wilaya ya Hai maziwa yamekuwa mambo ya wanawake kwa muda mrefu. Akina mama wa Nronga wana ushirika wao wa maziwa ambao watu wengi wameusikia. Kituoni binti anachota maziwa kidogo, anaweka spiriti kiasi kilekile kwenye kibomba, anatikisa. Yakitengeneza vipunje, yamekataliwa. Kisha laktomita, kipimo cha uzito wa maziwa, inaelea kwenye maziwa kama boya. Ya kwetu ilisoma 29. Kijana aliyetutangulia ya kwake ilisoma 24. Neno maji halikutamkwa na mtu yeyote. "Leo imeshuka kidogo," binti akasema, kijana akachukua dumu lake, akaondoka anatazama viatu.

Nikasubiri tufike njiani ndipo niulize. "Mama, mbona hawajapima dawa?"

"Hawana kipimo."

Kwa hiyo angeweza kuchanganya. Lita 4 asubuhi, 3 jioni, siku zote hizo, na hakuna ambaye angejua. Tulipanda kilima kimyakimya, mimi napiga hesabu ya hela kichwani, tabia ya mtu wa duka. Alipopumua akasema, kana kwamba aliisikia ile hesabu: mwaka fulani mtu alichanganya, na mtindi wa kituo kizima ukakataa kuganda. Wakatazamana kwa wiki mbili. "Alikuwa anajua ni yeye," akasema. "Tena alikuwa anakuja kila siku kutuuliza kama ameshapatikana."

Saa 3 mpaka saa 8 ni majani, na hapa sitawaficha, nililia kidogo. Unakata matete kando ya mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia, unafunga mzigo, unaupandisha kilimani, unarudi. Ng'ombe mmoja anamaliza kilo 40 na zaidi za majani mabichi kwa siku. Ukifika unakatakata kwa panga, maana yakiwa marefu wanachagua na kukanyaga. Nikamwonyesha Mama migomba iliyoanguka, iko hapohapo, kwa nini tujitese? "Mgomba ni maji. Unajaza tumbo, haujazi ndoo." Tukala kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, pamoja na mtindi saa 8, vidole vyangu haviwezi kushika kijiko.

Saa 10 jioni. Furaha alikuwa analia tangu alfajiri na kuwapanda wenzake, na ute unaning'inia: anataka dume. Akionekana asubuhi, anapandishwa jioni, kwa hiyo mhimilishaji, mtaalamu wa kupandisha ng'ombe bila dume, alipigiwa simu mapema. Akaja kwa pikipiki na mtungi wake wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Akachomoa mrija mwembamba kama wa kalamu, akauyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, akavaa glovu mpaka begani. Mbegu za madume zinatoka kituo cha taifa cha uhimilishaji, Usa River kule Arusha. Dume mwenyewe hatamwona Furaha maisha yake yote. Kusimama kando ya mama mkwe nikitazama mkono wa mtu ukizama mpaka begani ni jambo ambalo hakuna somo aliyenifunda nalo. Mama alikuwa anauliza bei.

"Baada ya siku 21 asipolia tena, huenda ameshika," mhimilishaji akatuambia, akaosha viatu, akaondoka.

Saa 11 jioni, ndoo tena. Neema alinipa karibu nusu lita kabla hajabana. Bahati alikamuliwa na Mama, kisahani kikiwa kisafi tena, kisha akaninyooshea ile ndoo bila kusema kitu na kurudi kuwatilia pumba.

Nikaenda hadi mgomba wa tatu. Maziwa yalikuwa bado ya moto, mvuke unanipiga usoni, meupe kabisa, na povu. Nikamwaga polepole, nadhani polepole mno, kwa sababu sauti ilitoka bandani:

"Ndoo uioshe kwa maji ya moto. Usiichanganye na ya Neema."